Arki za Jikoni: Jinsi ya Kuzitengeneza Nyumbani kwa Usalama

Arki ni kimiminika kilichobeba ladha na harufu ya kiungo, kama vile vanila, iliki au tangawizi. Matone machache hutosha kunukisha keki, maandazi au uji. Chupa nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa jina la vanila huwa na vanilini ya kiwandani, wala si maganda ya vanila yenyewe. Hilo si kosa, mradi lebo iseme hivyo. Kwa hiyo mtumiaji asome lebo kabla ya kulipa.

Mkazi wa Songea anaweza kujitengenezea arki. Tangawizi hulimwa Madaba, mchaichai na nanaa huota kando ya nyumba, na iliki na mdalasini hupatikana sokoni. Hata hivyo, tunamtahadharisha msomaji kwamba mara nyingi hatari haimo katika kiungo, bali katika kimiminika kinachotumika kukilowekea.

Kimiminika kinachofaa

Kileo ndicho hutoa ladha vizuri na kuihifadhi. Tumia pombe kali isiyo na rangi, yenye kileo cha asilimia 35 hadi 40, iliyofungwa kiwandani na yenye alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ulanzi na komoni havifai, kwa kuwa kileo chake ni kidogo na huendelea kuchacha.

Usitumie kamwe gongo, spiriti ya kusafishia vidonda, spiriti ya kuwashia moto wala kitakasa mikono. Vimiminika hivyo vinaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu. Mililita 10 tu za methanoli halisi zinaweza kumpofusha mtu, na kiasi kinachozidi hapo kidogo huweza kuua. Methanoli haitambuliki kwa kuonja wala kunusa, na kuchuja kwa kitambaa au mkate hakuiondoi. Dalili zake, yaani kichefuchefu, maumivu ya tumbo na ukungu machoni, huweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24. Anayeshukiwa kuinywa apelekwe haraka kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, hata kama anajiona mzima.

Wasiotumia kileo waweza kutumia gliserini, sehemu tatu kwa sehemu moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Lakini gliserini ya kupaka ngozi si chakula. Nunua ile tu ambayo lebo yake inaeleza kuwa ni ya kutumika katika chakula. Arki ya gliserini ihifadhiwe kwenye jokofu.

Namna ya kutengeneza

1. Chemsha chupa ya kioo na kifuniko chake kwa dakika 10, kisha uvikaushe.
2. Osha kiungo kibichi, ukate vipande na ukianike kivulini hadi kikauke. Maji yaliyobaki hupunguza nguvu ya kileo na kukaribisha ukungu.
3. Kwa mililita 250 za pombe, weka gramu 25 za maganda ya vanila yaliyopasuliwa, au gramu 50 za tangawizi kavu. Iliki na mdalasini vitwangwe kidogo.
4. Hakikisha kiungo chote kimezama. Funga, weka mahali penye giza, na utikise kila siku chache.
5. Nanaa na mchaichai huhitaji wiki moja. Tangawizi, iliki na mdalasini wiki mbili hadi nne. Vanila wiki nane au zaidi. Baridi ya Juni na Julai huweza kurefusha muda huo.
6. Chuja, kisha andika kwenye chupa jina la arki, tarehe, na maneno "ina kileo". Weka mbali na watoto.

Kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo ya unga chatosha. Ukiona ukungu, utelezi au harufu ya uchachu, mwaga yote.

Tahadhari kuhusu mafuta

Wapo wanaoloweka vitunguu saumu au majani mabichi katika mafuta. Ndani ya mafuta hamna hewa, na hapo bakteria wa botulizimu huweza kutoa sumu inayopoozesha misuli, pasipo kubadili harufu wala ladha ya chakula. Mafuta hayo yawekwe kwenye jokofu na yatumike ndani ya siku nne. Asiye na jokofu atengeneze ya kutosha mlo mmoja tu.

Ukitaka kuuza

Arki ya matumizi ya nyumbani ni jambo moja. Ya kuuza ni jambo jingine. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, na ushauri kwa wajasiriamali wadogo hutolewa na SIDO. Nawe unayenunua arki isiyo na lebo, muulize muuzaji imelowekwa katika nini. Asipoweza kukujibu, usinunue.