Jicho la Setilaiti na Jina la Mti: Teknolojia ya Kidijiti na Uhusiano wa Watu na Mazingira Asilia katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, uhusiano wa watu na mazingira asilia haujengwi tena kwa jembe, miguu na macho pekee. Simu ya mkononi na picha za setilaiti zimeingia kati. Makala hii inafafanua kwamba zana hizo huonesha mazingira kwa upana ambao mwenyeji hakuwahi kuufikia, lakini huacha nje kile alichonacho mwenyeji, yaani majina ya mimea na matumizi yake.

Mfano bayana ni Benaco. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa takribani saa 24, wakapiga kambi wilayani Ngara. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni na ujenzi. Setilaiti za Landsat, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 1972, zilipiga picha za eneo hilo kabla ya kambi na baada yake. Kwa kuwa tangu mwaka 2008 picha hizo hutolewa bila malipo, mwanafunzi wa Ngara mwenye intaneti anaweza kuvilinganisha vilima vya nyakati hizo mbili. Hata hivyo, atakachokiona ni kupungua kwa uoto tu. Picha haimwelezi ni mti gani uliotoweka, Wahangaza waliuitaje, wala ulitibu nini. Maarifa hayo yamehifadhiwa katika Kihangaza na Kishubi, tena zaidi katika vinywa vya wazee.

Shambani hali ni tofauti kidogo. Kwa programu ya Nuru ya PlantVillage, mkulima huelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, akaelezwa iwapo dalili zilizopo ni za batobato au za michirizi ya kahawia. Programu hiyo hutumia Kiswahili na hufanya uchunguzi bila intaneti, jambo lisilo dogo vijijini. Aidha, haimwondoi mkulima shambani: ni lazima alifikie jani na kulitazama.

Suala zito zaidi ni la hifadhi. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Kuingia humo ni kwa kibali. Kuchunga mifugo na kukata miti ni marufuku. Kwa hiyo, kijana wa kijiji jirani huenda akamjua twiga wa Burigi kwanza kupitia skrini, pamoja na maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mtalii. Huo nao ni uhusiano, ingawa ni wa mtazamaji.

Jukwaa la iNaturalist, lililoanzishwa mwaka 2008, linatoa nafasi nyingine. Mtu hupakia picha ya mmea au mnyama pamoja na mahali na tarehe, na jina la kawaida la spishi laweza kuongezwa kwa lugha mbalimbali. Kijana ana simu. Jina analo babu yake. Asipomuuliza, kumbukumbu itabaki na jina la Kilatini peke yake. Kuhusu hofu kwamba taarifa za mahali zingewanufaisha majangili, jukwaa hilo huficha mahali halisi pa spishi zilizo hatarini kutoweka.