Mtoto Husoma kwa Kidole

Mtoto wa miaka miwili hasomi kwa macho peke yake. Husoma kwa kidole, na pengine kwa meno. Ukimpa kitabu atakigeuza, atakivuta, atakitia kinywani. Wengi wetu humnyang'anya na kumkemea, "Utakichana!" Kisha akifika darasa la kwanza twashangaa kwamba vitabu avikimbia.

Wako watu walioifikiri tabia hii ya watoto, wakatengeneza vitabu vya kushikwa. Mmoja wao alikuwa Eric Carle, mchoraji wa Marekani, aliyefariki mwaka 2021. Siku moja alikuwa akitoboa karatasi kwa kitobozi cha ofisini. Alipoyatazama matundu yale, akawaza habari za mdudu alaye vitabu. Mhariri wake, Ann Beneduce, akamshauri mdudu huyo awe kiwavi, maana kiwavi hugeuka kipepeo. Ndipo mwaka 1969 kikatoka kitabu cha kiwavi mwenye njaa. Kila tunda alilalo lina tundu, na mtoto hupitisha kidole humo. Huku akicheza ajifunza kuhesabu, na kuzijua siku za juma.

Baadaye alitoa vingine. Mwaka 1984 kilitoka cha buibui, ambacho utando wake umeinuka juu ya karatasi, hata mtoto asiyeona aweza kuupapasa. Mwaka 1990 kilifuata cha nyenje: ukifika mwisho wa kitabu, nyenje analia. Na mwaka 1995 cha kimulimuli, chenye taa ndogo zinazowaka.

Je, kuwapenda wadudu alijifunza wapi? Kwa baba yake. Baba huyo alimchukua matembezini, akainua mawe na kubandua magome ya miti, akamwonyesha viumbe vidogo, kisha akavirudisha taratibu mahali pake. Mwaka 1935 jamaa hiyo ilihamia Ujerumani. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, baba alichukuliwa jeshini, akatekwa na Warusi. Aliporudi mwaka 1947, mwanawe alikuwa kijana wa miaka kumi na minane. Fikiri basi, ewe baba: miaka ile michache ya utoto ndiyo aliyopewa, na alichopanda humo hakikufa.

Labda utasema, "Vitabu hivyo ni ghali, nami sina fedha." Vema. Chukua boksi kuukuu, ukate kurasa nne au tano, uchore embe, ndizi na jani. Toboa kila picha tundu la kutosha kidole cha mtoto, kisha uzishone kurasa kwa uzi mnene. Usihofu kama huchori vizuri. Mtoto atataka kujua zaidi ni nani anayemsomea.

Kisha mpeleke kwenye mti wa mlimau. Huko mara nyingi utawakuta viwavi. Wakiwa wadogo wafanana na mavi ya ndege, wakikua huwa kijani. Na ukimgusa mmoja hutoa pembe mbili laini zenye harufu kali. Weka mmoja katika chupa yenye mdomo mpana, pamoja na tawi la mlimau, ufunike kwa kitambaa. Badili majani kila siku. Baada ya majuma machache mtoto atamwona kipepeo akitoka, nanyi mtamwachilia aende zake.

Lakini mwonye pia. Siafu na nyigu huuma, na viwavi wenye manyoya huwasha. Mfundishe kutazama kwanza, na kukuuliza kabla ya kugusa. Wala usimzoeze kumponda kila mdudu aonekanaye. Kitabu cha Mithali chamtuma mvivu kwa chungu akajifunze. Na mtoto aliyezoea kuponda atajifunza nini kwake?

Jioni hii, kabla ya sala, mpakate mwanao. Mwachie ageuze kurasa mwenyewe, hata akizirudia mara kumi. Kurasa zikichakaa, boksi jingine lipo.