Waya wa Simu au Waya wa Televisheni?

Familia inayotoka Bukavu, Bujumbura au Nairobi ikapata nyumba ya kupanga Louisville au Minneapolis, haikai siku nyingi kabla ya kutafuta intaneti. Mara nyingi hukuta wauzaji wawili: kampuni ya simu yenye DSL na kampuni ya televisheni yenye kebo. Wengi huchagua penye tarakimu kubwa zaidi kwenye tangazo, kumbe tarakimu hiyo haijui nyumba yao iko wapi.

DSL hupita kwenye waya uleule wa shaba uliofungwa kwa ajili ya simu ya mezani. Sauti hutumia masafa ya chini, data ya juu, na kila simu huchomekewa kichujio kidogo ili anayeongea asisikie makelele ya data. Udhaifu wake ni umbali. Aina yake iitwayo ADSL2+ inaweza kufika megabiti 24 kwa sekunde kwa anayekaa karibu na kituo cha simu, lakini kadiri shaba inavyorefuka ndivyo mawimbi yanavyofifia. Ukiwa kilomita 5 kutoka kituoni utaambulia megabiti chache tu, na hata ununue ruta ya bei kubwa namna gani, haitazirudisha zilizopotea njiani.

Kebo ina shida nyingine. Data huja kwa faiba hadi mtaani, halafu huingia kwenye waya mnene wa televisheni unaohudumia nyumba nyingi kwa pamoja. Kasi yake ni mamia ya megabiti, na umbali hausumbui sana. Wanaosumbua ni majirani. Saa nne asubuhi mambo yanakwenda. Saa mbili usiku, kila nyumba ikiwa na filamu yake na kila mtoto na mchezo wake, kasi inaweza kushuka.

Lakini kipimo kinachomgusa zaidi mhamiaji ni kupakia. Anayetazama filamu anapokea tu; anayempigia mama yake simu ya video anatuma pia. ADSL ya kawaida hupakia takriban megabiti 1 kwa sekunde. Simu moja chumbani ikianza kuhifadhi picha za harusi mtandaoni, mama kule Bukavu anabaki kutazama uso ulioganda na kusikia maneno nusunusu. Wa huku analalamikia mtandao wa Kongo, na pengine tatizo liko sebuleni kwake. Kebo pia hupakia kwa kasi ndogo kuliko inavyopakua, ila mara nyingi hufika megabiti 10 au zaidi, na hizo zinatosha mazungumzo.

Kuhusu bei, soma mpaka mstari wa mwisho. Bei ya kukaribishwa aghalabu hupanda baada ya mwaka, na kodi ya modemu huongezwa kila mwezi. Aprili 2024 kampuni kubwa za Marekani zilianza kutakiwa kuonyesha lebo yenye bei, ada na kasi ya kawaida ya kupakua na kupakia. Idai lebo hiyo kabla ya kutia sahihi. Uliza pia kama unaruhusiwa kutumia modemu yako mwenyewe.

Kisha bisha hodi kwa jirani mwenye huduma hiyohiyo, umwombe apime kasi usiku, kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya. Majibu yake yana thamani kubwa kuliko ahadi za muuzaji.

Kwa nyumba yenye watoto na ndugu ng'ambo, kebo ndiyo yenye nafuu. DSL inamfaa anayeishi karibu na kituo, mwenye matumizi madogo na anayepewa bei ya chini kweli. Ila nayo inaondoka sokoni: kampuni ya simu ya AT&T iliacha kuwaunganisha wateja wapya wa DSL Oktoba 2020. Na kama faiba imefika hadi mlangoni kwa bei unayoimudu, achana na zote mbili.