Fahamu Jinsi Simu Inavyozitambua Amri Unazobonyeza

Mtumiaji anapobonyeza nyota, tarakimu na reli, hudhani kuwa amepiga namba. Kwa hakika ametoa amri. Programu iliyomo ndani ya simu huisoma amri hiyo, huiweka katika kundi lake, kisha huitekeleza bila kuuliza sababu. Tunayaeleza makundi hayo hapa kwa kuwa matapeli wanayafahamu vyema.

Kundi la kwanza ni namba za kawaida, ambazo hupigwa kama simu. La pili ni amri zinazotekelezwa na simu yenyewe: *#06# huonyesha namba tambulishi ya kifaa, hata pasipo laini. La tatu ni amri za huduma za laini, kama vile kuelekeza simu zako kwingine. La nne ni amri nyingine zinazoishia na reli. Hizo hupelekwa kwenye mtandao, nao hujibu, mathalani kwa menyu ya salio.

Kundi la tatu ndilo la kuangaliwa zaidi. Alama za mwanzo hutaja kitendo:

** husajili huduma na kuiwasha;
* huiwasha;
# huizima;
*# huuliza hali yake;
## huifuta.

Tarakimu zinazofuata hutaja huduma yenyewe. 21 ni kuelekeza simu zote, 67, laini inapotumika, 61, simu isipopokelewa, 62, isipopatikana. Kwa hiyo **21* ikifuatwa na namba ya mtu na reli, maana yake ni kwamba kuanzia sasa simu zako zote zimfikie mtu huyo.

Tapeli hujifanya mtoa huduma, akadai laini yako ina hitilafu, kisha akakuelekeza ubonyeze amri hiyo. Ujumbe mfupi hauhami kwa njia hii. Lakini namba ya uthibitisho ikisomwa kwa simu ya sauti, atakayeisikia ni yeye, wala simu yako haitaita.

Tunakushauri:

1. Usibonyeze amri usiyoijua maana yake, hata ukihimizwa namna gani.
2. Ukiwa na shaka, bonyeza *#21# na usome jibu.
3. Ukikuta namba usiyoitambua, bonyeza ##002# kufuta uelekezaji wote, kisha mweleze mtoa huduma wako na benki yako bila kukawia.