Mwani Wako ni wa Aina Gani?

Ndugu mkulima wa mwani wa Unguja na Pemba! Leo tuingie baharini.

Wengi tunasema "mwani", basi, tumemaliza. Kumbe tunalima aina mbili. Spinosamu ina vijiba vingi vilivyozunguka matawi yake. Kotonii ina matawi manene, yenye vijiba vichache. Zamani wataalamu waliziweka zote katika ukoo mmoja, Eucheuma. Mwaka 1988 mtaalamu Maxwell Doty aliitenga kotonii, akaipa ukoo wake, Kappaphycus, kwa kuwa hata ute wake ni tofauti: ule wa kotonii huganda na kuwa mgumu.

Utauliza, jina linanihusu nini mimi? Linahusu mfuko wako! Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini haistahimili joto. Maji yakizidi nyuzi 30, hasa wakati wa kaskazi, matawi hugeuka meupe, hulegea na kukatika. Spinosamu huvumilia zaidi.

Sasa ufanyeje?

Kwanza, usichanganye mbegu za aina mbili kwenye kamba moja.

Pili, maji madogo panda spinosamu. Kotonii ipeleke kwenye maji ya kina, ambako joto ni pungufu. Lakini huko kunataka chombo na kujua kuogelea. Nendeni kwa kikundi, usiende peke yako.

Tatu, ukiona weupe, vuna mapema kilicho kizima. Tawi lenye weupe usilifanye mbegu.

Haya ndugu mkulima, bamvua likifika kaguа kamba zako. Kazi njema!