Ufugaji wa farasi katika kundi

Ufugaji wa farasi katika kundi ni njia ya kufuga ambapo farasi wawili au zaidi huachiliwa pamoja katika uwanja mmoja wa malisho. Njia nyingine ni kumweka kila farasi peke yake ndani ya uzio wake.

Farasi ni mnyama wa kundi. Farasi wasiofugwa kwa kawaida huishi katika makundi madogo yenye dume, majike kadhaa na watoto wao. Hulindana dhidi ya hatari na kukunana shingo na mgongo kwa meno. Farasi anayetengwa muda mrefu anaweza kuanza tabia za kurudiarudia, kama vile kung'ata mbao au kuyumbayumba mlangoni.

Hata hivyo, wafugaji wengi hutenganisha farasi, hasa wale wa mashindano, kwa kuhofia majeraha ya mateke na meno. Ugomvi hutokea zaidi siku za kwanza, kabla kila mmoja hajajua nafasi yake, au pale chakula na eneo vinapokuwa haba. Kwa sababu hiyo mgeni huzoeshwa kwanza ng'ambo ya uzio, viatu vya chuma vya miguu ya nyuma huondolewa, na majani huwekwa sehemu mbalimbali.

Nchini Uswisi, kanuni za ulinzi wa wanyama za mwaka 2008 zinataka kila farasi aweze kumwona, kumsikia na kumnusa mwenzake wa jamii ya farasi. Wadogo walioachishwa kunyonya hufugwa katika kundi hadi waanze kutumika, au watimize miezi 30.