Buibui wa Ua wa Kayaba na Jamaa Zake

Leo nataka tuongee juu ya mdudu ambaye hapa Eastlands hupigwa fagio kabla hajaulizwa jina. (Mwalimu wa Bayolojia atanikosoa: ana miguu minane, kwa hivyo si mdudu.) Ni buibui, lakini si wote. Nasema wale wasukao utando wa duara, mfano wa gurudumu la baiskeli na spoki zake.

Wataalamu huwaweka katika familia ya Araneidi, yenye spishi zaidi ya 3,000 duniani. Hapa kwetu jenasi tatu ni rahisi kutambua. Argiope hukaa katikati ya utando na kuushona mstari mweupe wa kupindapinda. Neoscona hutega jioni, hasa karibu na taa ya stima. Cyrtophora naye ni mkaidi: utando wake umelala kama hema, haunati, na wengi hujenga pamoja kwenye ua wa kayaba, yaani nao wana estate yao!

Jamaa yao mkubwa ni buibui wa uzi wa dhahabu. Mmoja, ambaye leo huitwa Trichonephila sumptuosa, alielezwa na Mjerumani Gerstäcker mwaka 1873, katika kitabu chake kuhusu wadudu wa Zanzibar na pwani yetu. Jike ni mkubwa ajabu, na dume ni kitu kidogo tu pembeni mwa utando. Lakini kundi hili limehamishwa kama mpangaji! Mwaka 2006 lilipewa familia yake lenyewe. Baadaye likarudishwa kwa Araneidi, 2019 likatolewa tena na jenasi Trichonephila ikatengwa na Nephila, kisha 2020 wengine wakalirudisha Araneidi. Si mchezo, jeni zao ndizo zinazoleta ubishi.

Trichonephila wako Afrika, Asia, Australia na hata Amerika. Utauliza, walivukaje? Buibui wachanga hutoa uzi, upepo ukawabeba. Lakini upepo haumsaidii anayetua penye ukuta mtupu. Hapa mtaani kayaba zinang'olewa, kuta za mawe zinajengwa, na Cyrtophora hana pa kufunga hema lake. Watu hufurahi, eti sumu imeondoka, hali buibui hawa si hatari kwa binadamu, na wanaonaswa ni nzi, nondo na mbu.

Kwenye njia yangu ya kuja shule umebaki ua mmoja tu, kando ya kiwanja. Anayetaka kuwaona apite asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyuzi.